Mazingira hayaharibiki, sisi ndio tunaoyaharibu

Kila muhula ninaposahihisha insha za wanafunzi kuhusu uhifadhi wa mazingira, hukutana na sentensi ambazo ungedhani zimetoka katika kalamu moja: "Mazingira yameharibika. Mito imechafuka. Misitu imetoweka." Kisarufi, sentensi hizi hazina ila. Kimaadili, zina walakini mkubwa.

Kiswahili kimejaliwa kauli za vitenzi zinazopambanua mambo haya barabara. Tukisema "tumeuchafua mto", mtendaji yu wazi. Tukisema "mto umechafuliwa", mtendaji amefichwa, lakini msikilizaji angali na haki ya kuuliza: umechafuliwa na nani? Lakini tukisema "mto umechafuka", swali hilo halina pa kushika. Mto huonekana kama uliochafuka wenyewe, mithili ya maziwa yanavyoganda usiku.

Nadai kwamba kauli hii ya kutendeka imetulevya. Jambo likikosa aliyelitenda, hukosa pia wa kulitengeneza. Ndiyo maana twakaa kitako tukiingojea serikali, ilhali mtaro ulioziba mbele ya nyumba zetu umejaa chupa tulizozitupa kwa mikono yetu.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikutumia lugha hiyo ya kujificha. Kifungu cha 42 chatupa haki ya kuishi katika mazingira safi. Kifungu cha 69 nacho chamwagiza kila mtu ashirikiane na vyombo vya dola na watu wengine kuyalinda mazingira hayo. Haki twaipenda; wajibu aghalabu twausukumia jirani.

Wajibu wenyewe si mzigo wa kuvunja mgongo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yataka taka zitenganishwe, zinazooza mbali na zisizooza. Nyumbani, hilo lahitaji ndoo mbili tu. Maganda ya ndizi na mabaki ya sukuma wiki yakitiwa shimoni na kufunikwa kwa udongo huwa mbolea. Yakichanganywa na plastiki, vyote huwa uvundo. Na plastiki isichomwe uani, kwani moshi wake ni sumu kwa watoto wetu na wa jirani.

Tuyatazame maji pia. Mfereji unaovuja lita moja kwa saa hupoteza lita 24 kwa siku, nayo ni zaidi ya mtungi mzima wa lita 20. Ni shule ngapi zenye mfereji kama huo, na kila apitaye husema tu kwamba "umeharibika"?

Kuhusu miti, serikali ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa sikukuu ya taifa ya upanzi. Ni jambo jema. Hata hivyo, kupanda ni kitenzi cha siku moja. Kutunza ni kitenzi cha miaka. Mwanafunzi aliyekabidhiwa mche mmoja, akaumwagilia wakati wa kiangazi na kuukinga na mbuzi hadi amalize masomo, ameifaa nchi kuliko mgeni wa heshima aliyepanda kumi akapigwa picha na kwenda zake.

Yamkini msomaji atauliza: je, viwanda vinavyomwaga sumu mitoni? Je, wenye misumeno msituni? Swali hilo ni la haki, wala sisemi wakubwa wasamehewe kwa kuwa wadogo wametenganisha taka. Lakini tukumbuke mfano wa Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, akiwahimiza wanawake wa vijijini wapande miche. Mwaka 1989, serikali ya wakati huo ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, ni yeye aliyesimama kulipinga, na hatimaye mradi huo ukaachwa. Aliyezoea kusema "ninapanda" hakuona haya kuuliza "bustani inaharibiwa na nani?" Mazoea ya wajibu mdogo ndiyo huzaa ujasiri wa kuwadai wakubwa wajibu wao.

Walimu wenzangu, nawapendekezea zoezi jepesi. Mwanafunzi akiandika "mazingira yameharibika", mrudishie daftari aiandike upya sentensi hiyo katika kauli ya kutenda, mtendaji akitajwa. Kisha aongeze sentensi moja ya nafsi ya kwanza, wakati ujao: "Nitauziba mfereji wa bweni letu", au "Nitaitunza miche miwili". Baada ya wiki mbili, msiisahihishe sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Nendeni pamoja mkautazame mfereji.