Redio ya Mkulima: Kuiweka, Kuisikiliza na Kuitunza

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzi habari ya mbolea wala ya palizi. Tunazungumza juu ya hicho chombo kilichoko mezani kwako, kile kinachokuletea maneno haya. Jembe unalinoa. Baiskeli unaitia grisi. Lakini redio, wengi wetu tunaifunika kitambaa cha kufuma, tunaweka na ua la plastiki juu yake, basi tunadhani tumeitunza. Siku ikinyamaza tunasema imezeeka.

Na siku ya kunyamaza haichagui. Chukua mfano wa viwavijeshi. Nondo wake huruka usiku wakifuata upepo, wakataga mayai mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Kiwavi akianguliwa ni mdogo, wa kijani, amejificha ndani ya majani. Hula kwa muda wa wiki mbili hadi tatu tu, na sehemu kubwa ya chakula chake hukila siku za mwisho, akiwa amekwisha kuwa mkubwa na mweusi. Tangazo kwamba wameonekana wilaya ya jirani lina faida kama likikukuta wakati bado ni wadogo. Likikupita kwa sababu ya betri, utazipata habari mahindi yakiwa yamebaki mabua. Kweli siku hizi simu zipo, lakini simu nayo huzimika, na mtandao haufiki kila bonde.

Basi tuanze na hizo betri, maana ndizo zinazomaliza fedha ya mkulima, na ndizo zinazoua redio nyingi kuliko uzee.

Betri kavu ya kawaida, ile nene ya mviringo ambayo wengine huiita jiwe, ina nguvu ya volti 1.5 ikiwa mpya. Redio ya mawe manne hupata volti 6. Ndani ya jiwe mna kijiti cheusi cha kaboni katikati, kisha unga mweusi wenye unyevu, na nje ni kopo la madini ya zinki. Sasa sikiliza vizuri hapa. Lile kopo si la kuhifadhia tu. Lile kopo ndilo kuni. Betri inapofanya kazi, zinki inaliwa kidogo kidogo kutoka ndani, mpaka siku moja ukuta unatoboka, na maji makali yanavuja yakala springi na nyaya za redio yako.

Ukishalijua hilo, mengi yanajieleza. Utaniuliza, "Bwana shamba, mbona mimi naanika mawe yangu juani na redio inasema tena?" Ni kweli, inasema. Joto huchangamsha dawa iliyobaki, ukapata taarifa ya habari moja, pengine mbili. Lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi. Umelirudisha redioni jiwe lenye ukuta mwembamba kama karatasi, na umelipasha moto. Wako pia wanaotoboa mawe kwa msumari na kutia maji ya chumvi. Hao wanalipa fundi mapema tu.

Kosa jingine ni kuchanganya. Mawe mawili yamechoka, unanunua mawili mapya ili ubane matumizi. Mawe hayo yamepangwa mstari mmoja, umeme ule ule unapita kwa yote, kama ng'ombe wanne waliofungwa mnyororo mmoja kwenye plau. Yule mchovu hapumziki. Wenzake wanamburuta mpaka anaharibika kabisa. Ndivyo jiwe bovu linavyosukumwa na mazima hata likavuja. Badilisha yote kwa pamoja, ya aina moja. Na kama unasafiri wiki moja au zaidi, yatoe, uyafunge kwenye karatasi.

Ukikuta springi zimeota ukungu mweupe au wa kijani, usikimbilie kwa fundi. Toa mawe, ukwangue taratibu kwa kijiti, upitishe msasa laini mpaka chuma king'ae, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Nawa mikono. Maji usimwage humo hata tone. Redio nyingi "zilizokufa" huamka hapo hapo.

Sauti nayo inakula. Redio ikipiga kwa sauti ya kusikika barabarani hutumia umeme mwingi kuliko ikizungumza kwa sauti ya mtu na mwenzake. Jirani akitaka kusikia, na aje aketi, mzungumze.

Tuje kwenye mahali pa kuiweka. Usiiweke sakafuni, maana mchwa, mende na panya watahamia humo, na panya ana ugomvi wake na nyaya. Usiiweke jikoni, moshi na masizi hugandamana na vumbi. Usiiweke dirishani inapopigwa na jua la mchana. Rafu ya ubao iliyo usawa wa kifua, karibu na dirisha lakini kivulini, inatosha. Kile kitambaa cha kufuma ni kizuri wakati redio imelala, kinazuia vumbi. Inapozungumza, kitoe.

Kwa nini karibu na dirisha? Kwa sababu ya bati. Paa la bati huzuia mawimbi, na nyumba yenye ukuta mnene hali kadhalika. Hapa wengi huchanganya mambo, kwa hiyo tuyatenganishe. Ile antena ya kuvuta ni ya FM na ya masafa mafupi. Kwa masafa ya kati haisaidii, hata ukiivuta ikagusa dari. Masafa ya kati hunaswa na kipande cheusi cheusi kama kijiti cha chaki kirefu, kimezungushiwa waya mwembamba, nacho kimelala ndani ya redio. Kijiti hicho hunasa vizuri kikilala ubavu kuelekea kituo, na hunasa vibaya kikielekeza ncha. Kwa hiyo kwenye masafa ya kati usihangaike na antena. Geuza redio yenyewe, pole pole, mpaka sauti ijae. Weka alama ya chaki mezani ili kesho usianze upya.

FM ina tabia nyingine. Huenda moja kwa moja kama macho ya mtu, na mlima ukikaa katikati huikata. Wimbi lake lina urefu wa mita 3 hivi, ndiyo maana kuisogeza redio nusu mita tu kunaweza kuleta sauti safi au kuipoteza kabisa. Masafa ya kati hufuata ardhi, yakapita mabonde, lakini usiku hurudishwa na anga za juu kutoka mbali sana, basi vituo vinaingiliana. Na kama umefunga sola, chaja za bei ndogo na baadhi ya taa zake hutoa mngurumo kwenye masafa ya kati. Zizime kwa dakika moja ujue mkorofi ni nani.

Kwa wanaosikiliza kwa kikundi nina neno. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza kwa vikundi mbele ya redio, na redio moja ikikwama, kikundi kizima kilikosa somo. Iwekeni juu ya meza, spika iwatazame watu, isitazame ukuta wala dari. Ukumbi mtupu wenye sakafu ya saruji huyavuruga maneno. Chini ya mwembe ni bora, upepo ukiwa nyuma ya redio. Mawe yakianza kuchoka, msiongeze sauti. Spika itakwaruza na hamtasikia zaidi.

Spika ni karatasi, ndugu yangu. Kidole cha mtoto kinaitoboa. Ikichanika kidogo, kipande cha karatasi nyembamba na gundi kidogo vinatosha. Mkwaruzo unaotokea ukizungusha swichi ya sauti ni jambo jingine: ni vumbi lililoingia ndani ya swichi. Zima redio, izungushe swichi mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi. Mafuta ya kupikia au ya taa usitie, yatakusanya vumbi mara mbili.

Sasa umeme wa nje. Soma maandishi madogo nyuma ya redio. Kama pameandikwa DC 6V, betri ya gari, ambayo ni ya volti 12, itaiunguza. Angalia pia alama ya chanya na hasi kwenye tundu. Ukizigeuza, moshi utakujulisha. Redio ndogo za siku hizi, zile zenye tochi na mahali pa flashi, nyingi zina betri ya lithiamu ya volti 3.7 na huchajiwa kwa volti 5 kama simu. Watu huziacha juani kutwa kwa ajili ya kile kipaneli cha mgongoni. Joto hilo ndilo linaloiua betri. Kama paneli ina waya wake, paneli ikae juani na redio ikae kivulini. Kama imebandikwa, tumia jua la asubuhi, uitoe kabla ya mchana. Betri ya namna hiyo ikivimba, acha kuitumia kabisa, na usiitoboe.

Mawe yaliyokwisha usiyatupe shambani wala motoni, na watoto wasiyachezee. Zamani unga wake mweusi ulisagwa kupakia ubao wa darasani. Ubao ulikuwa mweusi kweli, lakini vumbi lile ni sumu kwa anayelivuta.

Imebaki radi. Ukitaka masafa mafupi yaje vizuri, funga waya wa shaba wa mita 5 hadi 10 kutoka dirishani hadi kwenye mti, usiguse bati, na ncha yake uizungushe kwenye antena. Waya huo huvuta sauti, na huweza kuvuta radi pia. Wenzetu wa kanda ya Ziwa Victoria wanaijua radi kuliko mimi. Wingu likianza kujenga, kabla hujasikia ngurumo, fungua waya huo, uutupe nje mbali na ukuta, na kama redio imechomekwa kwenye umeme wa ukutani au wa sola, ichomoe. Usingoje tone la kwanza la mvua. Mvua ikiisha na ngurumo zikanyamaza kwa nusu saa, rudisha waya, uwashe.