Kitenzi "Kunywa" katika Lugha za Kale za Anatolia: Somo la Kufuatilia Asili ya Neno

Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kulikwepa swali hili: "Mwalimu, neno hili limetoka wapi?" Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa kubahatisha. Mwalimu hulitazama neno, akakumbuka neno la lugha nyingine linalofanana nalo, kisha akatoa hukumu kwamba hili limezaliwa na lile. Jibu la namna hiyo hupendeza masikioni, na kwa kuwa limetoka kinywani mwa mwalimu, mtoto hulishika hata ukubwani. Lakini kufanana peke yake si ushahidi.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaonyesha wanachuo jinsi asili ya neno inavyofuatiliwa kwa utaratibu. Tumechagua kitenzi kimoja tu, chenye maana ya "kunywa", katika lugha za kale za Anatolia, yaani nchi ambayo leo ni sehemu kubwa ya Uturuki. Tumekwenda mbali hivyo kwa sababu maalumu. Lugha hizo zimekwisha kufa. Hakuna mzee wa kumwuliza wala kamusi iliyoachwa na wenyewe. Kila hatua inabidi ithibitishwe, na kwa hiyo njia yenyewe huonekana wazi. Tena, vitenzi vya mambo ya kila siku, kama kula na kunywa, haviazimwi kwa urahisi kutoka lugha nyingine. Ndivyo vinavyofaa zaidi kupima udugu wa lugha.

1. Lugha zenyewe na maandishi yake

Jina la Wahiti si geni kwa wasomaji wa Biblia. Mji mkuu wa dola yao ya kale uliitwa Hattusa, nao ulikuwa mahali panapoitwa leo Boğazkale, mashariki ya Ankara. Uchimbaji mkubwa ulioanza hapo mwaka 1906 uliwaongoza wachimbaji kwenye hazina ya vibao vya udongo. Mwandiko wake ni wa alama zenye umbo la kabari, zilizochapwa kwa ncha ya tete juu ya udongo mbichi. Hadi leo vibao na vipande vilivyopatikana hapo vinakadiriwa kufikia 30,000.

Sehemu kubwa ya vibao hivyo imeandikwa kwa Kihiti, lugha ya serikali hiyo tangu karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 12 kabla ya Kristo. Lakini humo humo mna maandishi ya lugha nyingine mbili zilizo ndugu za Kihiti. Ya kwanza ni Kiluwi, kilichosemwa hasa kusini na magharibi ya Anatolia, na ambacho baadaye kiliandikwa pia kwa alama za picha juu ya mawe. Ya pili ni Kipalai cha upande wa kaskazini, ambacho tunacho kwa uchache sana, karibu chote kikiwa ni maneno ya ibada. Hawa watatu ndio mashahidi wetu.

2. Maana ya kitenzi ilijulikanaje

Mwaka 1902 Mnorwei J. A. Knudtzon alichunguza barua mbili za Kihiti zilizopatikana Misri, akasema kwamba lugha hiyo ni ya jamii ya Indo-Ulaya, yaani ni jamaa ya Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti na Kijerumani. Wataalamu wengi hawakumkubali. Miaka 13 baadaye, mwaka 1915, Mcheki Bedřich Hrozný alitangaza jambo hilo hilo, safari hii akiwa na ushahidi mwingi zaidi.

Sehemu maarufu ya ushahidi wake ni sentensi moja fupi. Ndani yake mlikuwa na alama NINDA, ambayo maana yake ilikwisha kujulikana kutokana na maandishi ya Wasumeri: mkate. Hrozný alijiuliza: mtu hufanya nini na mkate? Huula. Karibu na alama hiyo palikuwa na kitenzi ezzatteni, nacho kinakaribiana na Kilatini edere na Kijerumani essen, yote yakiwa na maana ya kula. Kisha likafuata neno watar, ambalo mtu ajuaye Kiingereza hahitaji kuambiwa kuwa ni maji. Mwishoni mlikuwa na kitenzi cha pili, ekutteni. Ikiwa sehemu ya kwanza yasema "mtakula mkate", basi ya pili haina budi kusema "mtakunywa maji".

Wanachuo waangalie utaratibu uliotumika. Maana ya ekutteni haikupatikana kwa kufananisha sauti zake na neno lolote. Ilipatikana kwa muktadha: mahali pa neno katika sentensi, na mambo yanayoandamana nalo.

Hali ni hiyo hiyo kwa Kipalai. Katika Kihiti iko hadithi ya mungu aliyetoweka kwa hasira, na miungu wengine wakaandaliwa karamu. Wakala wasishibe, wakanywa wasikatike kiu. Maneno yenye mpango kama huo yamo pia katika maandishi ya Kipalai. Kwa kuyaweka sambamba, wataalamu walitambua kwamba atanti ni "wanakula" na ahuwanti ni "wanakunywa".

3. Umbo la kitenzi

Sasa tuwaweke mashahidi wetu katika mstari mmoja:

Kihiti: ekuzi (anakunywa), akuanzi (wanakunywa)
Kipalai: ahuwanti (wanakunywa)
Kiluwi: mzizi ū- (kunywa)

Jambo la kwanza la kutazama ni irabu. Katika Kihiti umoja una e, na wingi una a. Je, ni ajali? La. Kitenzi cha kula hufanya vivyo hivyo: ezzazi (anakula), adanzi (wanakula). Kitenzi cha kuwa nacho ni hivyo: eszi (yuko), asanzi (wako). Basi kubadilika kwa irabu ni kanuni ya lugha, na kitenzi chetu kinaifuata. Ndiyo sababu a ya Kipalai katika ahuwanti haitushangazi, kwa kuwa umbo hilo ni la wingi.

Jambo la pili ni konsonanti, na hapa ndipo penye ugumu. Kihiti kina k, Kipalai kina h, na Kiluwi hakina kitu: imebaki ū peke yake. Mtu anayetegemea kufanana angesema kwamba ū- na eku- hayana uhusiano wowote. Mtu anayefuata njia atauliza swali jingine: je, kuna maneno mengine ambamo Kiluwi kimepoteza sauti ya namna hii?

Yapo. Neno la Kiluwi la ng'ombe ni wawa-. Katika Kisanskriti mzizi wa neno hilo ni gav-, na katika Kiingereza ni cow. Lugha mama ya jamii hii ilikuwa na sauti moja iliyotamkwa kama g huku midomo ikiwa imeviringwa, tuiandike gw. Kiluwi kiliiacha g, kikabaki na kazi ya midomo tu, yaani w. Basi ukiondoa g katika mzizi wa namna ya agw-, utabaki na a na w, na hizo zikiungana hutoa ū. Umbo fupi la Kiluwi, lililoonekana geni, limejieleza lenyewe.

4. Mtego wa neno aqua

Katika Kilatini maji ni aqua. Sauti zake zinakaribiana mno na akuanzi ya Kihiti, na maana yake inakaribiana na kunywa. Tangu miaka ya mwanzo ya kusomwa kwa Kihiti wako wataalamu waliouona uhusiano huo kuwa dhahiri. Hebu tuupime.

Sauti qu ya Kilatini ni kw, isiyo ghuna. Yaani koo halitetemi inapotamkwa. Swali basi ni hili: k ya ekuzi ni ghuna au si ghuna? Waandishi wa Kihiti hawakutumia alama za k na g kwa kuzitenganisha, kwa hiyo alama peke yake haitujibu. Lakini iko kanuni iliyoelezwa na mwanaisimu wa Marekani Edgar H. Sturtevant. Katikati ya irabu, Wahiti waliandika konsonanti mara mbili pale ambapo lugha mama ilikuwa na sauti isiyo ghuna, na mara moja pale ilipokuwa na sauti ghuna. Kwa mfano, lukkizzi (anawasha moto) ina k mbili, na jamaa yake katika Kilatini ni lux (nuru), yenye k. Kwa upande mwingine yukan (nira) ina k moja, na jamaa yake katika Kilatini ni iugum, yenye g.

Kitenzi chetu huandikwa kwa k moja. Basi asili yake ni sauti ghuna, na aqua haiwezi kuwa chanzo chake wala ndugu yake.

Je, shahidi mmoja anatosha? Tumwite wa pili. Kama sauti ya asili ingekuwa kw, Kiluwi kingeihifadhi, maana neno lake la "nani" ni kuis, sawa na quis ya Kilatini. Lakini katika kitenzi cha kunywa sauti hiyo imepotea, kama ilivyopotea g katika neno la ng'ombe. Mashahidi wawili wasiotegemeana, tahajia ya Kihiti na matamshi ya Kiluwi, wametoa ushahidi mmoja. Hapo ndipo tunaposema kwamba jambo limethibitika.

5. Ndugu wa kweli

Baada ya kumkataa ndugu wa uongo, tumtafute wa kweli. Yuko mbali sana, katika Kitokari, lugha iliyokwisha kufa ambayo hati zake zilipatikana magharibi ya China. Humo mzizi wa kunywa ni yok-. Wa pili yuko Italia: wanaisimu wengi huona kwamba Kilatini ebrius (mlevi) limetoka katika mzizi huo huo. Kwa macho, ebrius hailingani na ekuzi hata kidogo. Kwa kanuni za sauti, inalingana nayo kuliko aqua.

Maana nayo ina safari yake. Katika Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti kazi ya kunywa ilichukuliwa na mzizi mwingine, na huu wa zamani ukabaki katika habari za ulevi tu. Kinyume chake, mzizi ule mwingine katika Kihiti umebaki katika kitenzi pas-, maana yake kumeza. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu maana kupungua hivyo. Tukisema "yule bwana anakunywa sana", hakuna anayedhani kwamba tunazungumzia maji.

6. Faida yake darasani

Hatusemi kwamba watoto wa darasa la tano wafundishwe Kihiti. Tunachosema ni kwamba njia ile ile yafaa kwa lugha zetu. Tuchukue Kiswahili na Kigikuyu. Panda (mbegu) ni handa. Pona ni hona. Ponya ni honia. Mtoto akiandikiwa jozi hizo ubaoni atagundua mwenyewe kwamba p ya huku ni h ya kule. Amekwisha kuona kanuni ya sauti, na hakulazimika kukariri neno lolote la kitaalamu.

Mwalimu anayetayarisha somo la namna hii azingatie hatua hizi:

(a) Ahakikishe kwanza maana ya neno kwa kulitazama katika sentensi.
(b) Aweke kando maneno ya kuazima. Kitabu la Kiswahili linafanana na kitab la Kiarabu kwa sababu lilichukuliwa huko, wala si kwa sababu lugha hizo ni ndugu.
(c) Atafute jozi nyingi zinazoonyesha badiliko lile lile. Jozi moja haijengi kanuni.
(d) Asiogope maneno yasiyofanana, wala asishawishiwe na yanayofanana.
(e) Pale asipokuwa na ushahidi, amwambie mtoto hivyo, kisha watafute pamoja.

Hatua ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa huonekana kama kushuka heshima mbele ya darasa. Lakini hata wataalamu wa Anatolia wangali wakitafuta. Mwaka 2023 kilitangazwa kibao kutoka Boğazkale chenye maneno ya lugha isiyojulikana kabla, lugha ya nchi ya Kalasma. Huenda siku moja shahidi mwingine akaongezwa katika orodha yetu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tahajia ya k moja katika ekuzi ina uzito kuliko kufanana kwa akuanzi na aqua?
2. Tafuta jozi tano za maneno ya Kiswahili na ya lugha yako ya nyumbani zinazoonyesha badiliko moja la sauti. Eleza jinsi ulivyohakikisha kwamba hayakuazimwa.
3. Mwanafunzi amekuletea maelezo ya asili ya neno aliyoyasikia mtaani. Andaa hatua za kuyapima pamoja naye bila kumvunja moyo.