Motokari isiyo na makaratasi: karte roze inakuja mwisho



Karibu kila mwezi mtu ananiandikia maneno ya namna hii: “Yaya, nimeona mutokari moya pa Kadutu, bei iko muzuri, bodi iko sawa, ila haiko na makaratasi. Tunaweza fanya aje?” Ukisoma sheria, watu wanadhani unajua kila kitu, hata bei ya geriboksi. Lakini swali hili nalijua, maana nimelipitia mwenyewe. Mwaka 2022 nilinunua RAV4 ya 1997, ile ya milango mitano, iliyokuwa imelala miaka mingi chini ya mti wa avoka katika parseli moja ya Bagira. Haikuwa na plake wala karte roze. Hata ufunguo haukuwepo. Nilikuwa najua hayo yote tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu bei ilikuwa ile. Karte roze kwa jina langu ilitoka miezi kumi na moja baadaye. Naweka hapa njia niliyoifuata, kwa sababu wengi wetu tunaanza mwisho: tunakimbilia karte roze wakati karte roze ni karatasi ya mwisho kabisa.

Tuelewane kwanza juu ya karatasi yenyewe. Karte roze inasema kwamba motokari hii, yenye chasi hii, imeandikwa kwa jina la fulani. Kwetu inatoka DGI pamoja na plake. Vinyeti ni kodi, asiransi ni asiransi. Nimeona vijana wanahesabu dola zao kwa sababu muuzaji amewaonyesha vinyeti ya mwaka juzi na karatasi ya SONAS. Hizo zinaonyesha kwamba siku moja mtu alilipa kitu. Hazisemi mwenye motokari ni nani.

Ofisi inataka kujua jambo moja: hii motokari ilitokaje huko ilikotoka mpaka ikafika kwako? Jibu lake ni mnyororo. Ilitoka Japani, ikapita dwane, ikaandikwa kwa jina la mtu wa kwanza, huyo akamwuzia wa pili, hivyo hivyo mpaka kwako. Mtu akisema “haina makaratasi”, maana yake kuna pete ya mnyororo imekatika, na wewe hujajua ni ipi. Labda karte roze ilikuwepo ikapotea. Labda ilipita dwane lakini mwenyewe hakuiandikisha. Labda haikupita dwane kabisa: ilivuka Ruzizi au ilipandia Uvira na plake ya nchi jirani, ikabaki. Au labda iliibwa. Ni shida nne tofauti, zenye bei nne tofauti, na muuzaji anazitaja zote kwa jina moja.

Anza na chuma. Usianze na muuzaji. Kwenye Toyota nyingi za Japani namba ya chasi imegongwa kwenye ukuta kati ya moteri na kabini, na kuna kibati kinachorudia namba hiyo. Safisha, soma zote mbili, piga picha. Yangu ilianza na SXA11, halafu kistari, halafu tarakimu saba. Hapa wengi wanashtuka, kwa sababu intaneti imewaambia chasi lazima iwe na alama 17. Hiyo ni kawaida ya Ulaya, Marekani na kwingine. Motokari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi, na hizo ndizo zimejaa Bukavu, usukani kulia. Namba fupi siyo dalili ya wizi. Dalili ni alama za kuchomelea kandokando ya namba, kibati chenye ripiti mpya kwenye motokari ya miaka 25, au namba mbili zisizokubaliana. Ukiona hivyo rudi nyumbani, hata kama unapewa bure. Interpol inahifadhi orodha ya kimataifa ya motokari zilizoibwa, na polisi wanaweza kuomba namba iangaliwe humo. Nilipeleka yangu. Ilikuwa safi.

Chuma kikisha kusema ukweli wake, njo sasa unageukia watu. Na hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo motokari nyingi za Bukavu zimekwama.

Aliyekuwa ananiuzia ni mama mjane. Mume wake alifariki 2014 na RAV4 ikabaki palepale alipoiacha. Bei tulipatana kwa siku moja. Kwa akili ya mtaani mambo yameisha: baba hayupo, mama wa nyumba ameuza. Kwa sheria bado. Kanuni ya Familia, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi na kuwapa robo tatu ya urithi. Mjane yuko kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Ni kweli, kama ndoa iliandikwa kwenye eta-sivili na hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, mjane ana sehemu yake mwenyewe katika mali waliyoipata wakiwa pamoja, nje ya urithi. Lakini sehemu ya mume inaingia kwenye urithi. Kwa hiyo saini ya mama peke yake inauza kipande cha motokari, na mtu haendeshi kipande. Sheria yetu ya mikataba, ambayo ni dekreti ya 30 Julai 1888 na bado inatumika, inasema kuuza kitu cha mwingine ni batili.

Watoto walikuwa watano: wawili Bukavu, mmoja Uvira, mmoja Kinshasa, mmoja Nairobi. Na kulikuwa na baba mudogo.

Fundi wangu alitaka kuanza kazi palepale. Alikuwa amesikiliza moteri, 3S, akasema ikipata betri na pampu itaamka. Nikamwambia asiguse hata skuru. Alinuna, lakini sababu yangu naishikilia mpaka leo: motokari iliyolala haina mwenyewe. Siku inawaka, siku inateremka Bagira ikipiga honi, wenyewe wanazaliwa. Baba mudogo anakumbuka alichangia kuinunua. Mtoto wa kwanza anasema hakuulizwa. Jirani anatoa karatasi ya deni la dola 300. Wala hawasemi uongo wote. Kitu kikianza kuwa na thamani kinawakumbusha watu haki zao. Wakati huo wewe umeisha kuweka dola 2,000 ndani, na huwezi kuzichomoa kama redio.

Basi tuliandika na mama mkataba wa ukurasa mmoja. Unataja namba ya chasi, bei yote, theluthi moja niliyolipa mbele ya mashahidi wawili, na sharti: zinazobaki zitalipwa siku warithi wote watakapokuwa wamesaini, na wasiposaini katika miezi sita theluthi yangu inarudi. Motokari ilibaki chini ya avoka. Huu ukurasa ulinilinda kuliko kitu kingine chochote, na hauhitaji hata kuwa umesoma sheria. Unahitaji subira na kalamu.

Halafu familia ikafanya kikao. Sheria inaacha kazi ya kugawanya mali kwa mrithi mkubwa kwa umri, au kwa yule warithi wanayemchagua, na tribinali inamthibitisha. Ndiye tunayemwita likidateri. Walimchagua dada yao mkubwa, mwalimu, na sikuwahi kuona mtu anayeandika muhtasari safi kama ule. Wa Uvira alikuja mwenyewe. Wa Kinshasa alituma prokirasyo iliyolegalizwa, na wa Nairobi alipitia ubalozi wetu. Baba mudogo aliomba katoni moja ya Primus kabla ya kusaini kama shahidi. Hiyo haimo katika Kanuni ya Familia, lakini mnajua kwetu. Miezi minne ikaisha hivyo. Tulikuwa sasa na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, karatasi ya tribinali, na hati ya mauzo iliyosainiwa na likidateri mbele ya notere.

Tulipofika hapo, karte roze iliyopotea ikawa jambo jepesi. Ila kuna kosa ambalo makomisioneri wanalisukuma kila siku: wanakuambia uende polisi utangaze kwamba wewe umepoteza karte roze. Wewe umepoteza nini? Hukuwahi kuwa nayo. Anayetangaza ni yule aliyepoteza, na akiwa amekufa, ni anayesimama mahali pake. Dada mkubwa alikwenda, akasema ukweli: ilikuwa ya baba, haionekani tangu mazishi. Tangazo la uongo ni mbegu ya kesi.

Komisioneri mmoja alinipa njia fupi: karte roze kwa siku tatu, bila mjane, bila kikao, bila dwane. Ninaamini angeileta kweli. Karatasi ya waridi na mhuri ni vitu vinavyopatikana. Ila namba yake haingekuwa kwenye faili la ofisi, na siku ya kuuza, au siku ya ajali, faili ndilo linaulizwa. Kanuni yetu ya adhabu inatoa miezi sita mpaka miaka mitano kwa kughushi maandishi, na anayetumia karatasi ya kughushiwa akijua haponi. Kwa dola zake za siku tatu ningenunua hofu ya kila barabara.

Pete ya dwane ndiyo ilinipa wasiwasi zaidi. Bila alama yoyote kwamba motokari ililipa ushuru, mtu analazimika kwenda DGDA kuitangaza upya na kulipa ushuru pamoja na faini, na kwa motokari kuukuu hesabu inaweza kupita bei yenyewe. Ndiyo maana nawaambia wanaotaka zile za plake ya jirani: ulizeni dwane kwanza, mpatane bei baadaye. Mimi nilibahatika na sanduku. Dada mkubwa alikuta, katikati ya buleteni za shule za wadogo zake, karatasi ya tangazo la forodha la 2006 yenye chasi ileile. Juu yake iliandikwa OFIDA. Kijana mmoja niliyemwonyesha akacheka, akasema ni ya uongo, dwane inaitwa DGDA. Hapana. OFIDA ndiyo ilikuwa dwane yetu mpaka DGDA ilipoundwa Desemba 2009, kwa hiyo karatasi ya 2006 lazima iseme OFIDA. Ingesema DGDA, hapo ndipo ningekimbia. Mkiwa na karatasi za hivyo nyumbani, msiwashie makaa.

DGI yenyewe sina mengi ya kusimulia. Nilipeleka faili lililopangwa kwa tarehe: dwane, tangazo la kupotea, kifo, kikao, tribinali, mauzo, kopi ya kadi yangu ya mpiga kura, kwa kuwa ndiyo kitambulisho tulicho nacho. Walikagua chasi, nikalipa kupitia benki, nikangoja. Kungoja kulikuwa kurefu na kwa kawaida. Nilichojifunza pale ni kwamba mtu wa ofisi akipewa mnyororo usiokatika, hana mahali pa kukushikia. Fundi alianza kazi siku dada mkubwa aliposaini hati ya mauzo, siku hiyohiyo, na geriboksi ilimshinda kwa miezi miwili. Hiyo ni hadithi ya fundi, aiandike mwenyewe.

Mtaniuliza: na leo je? Mimi nilimaliza 2023. Februari 2025 mji ulibadilisha mikono, benki zikafunga, na watu wengi walikimbia bila hata begi. Karatasi inayotolewa chini ya utawala mmoja inaweza kukataliwa na mwingine, na mimi sitamdanganya mtu kwamba faili la karte roze linapita leo kama lilivyopita langu. Lakini angalia tena orodha yangu: sehemu kubwa ya mnyororo haitoki ofisini. Chasi unaisoma mwenyewe. Mkataba wa sharti mnauandika wawili na mashahidi. Kikao cha familia kinafanyika sebuleni. Kati ya wanaouziana, sheria ile ya 1888 inahesabu mauzo yamekamilika mkisha patana juu ya kitu na bei, hata kama DGI haijaona kitu. Pete hizo unaweza kuzishona sasa, wakati mjane angali hai na watoto wanasikilizana, kwa sababu ofisi inaweza kufunguliwa tena kesho, lakini shahidi akifariki hakuna dirisha la kumwomba dupilikati.

Kwangu, karte roze peke yake ndiyo inatembea ndani ya motokari. Hati ya mauzo, muhtasari wa kikao na ile karatasi ya OFIDA ziko ndani ya bahasha ya plastiki. Kopi ziko kwa dada yangu Bujumbura, na picha kwenye simu mbili. Mwenye swali juu ya kesi yake aandike hapo chini, aanze na herufi na tarakimu za mwanzo za chasi na mwaka motokari ilipoingia nchini. Zile tarakimu saba za mwisho msiziweke hadharani.