PIKAPU YA ZAMANI NA MATAIRI MAPANA

Umewahi kuinama ukatazama ubavu wa tairi la gari? Pana maandishi pale. Wengi wetu tulipita karibu na maandishi hayo miaka mingi tusijue yanasema nini. Sasa unajua kusoma. Basi leo tusome tairi pamoja.

Tunazungumza habari hii kwa sababu vijana wengi wanapenda pikapu za zamani. Pikapu hizo bado zipo. Utaziona Endagikot, utaziona mjini Mbulu, utaziona Dongobesh siku ya mnada. Ni Toyota Hilux za zamani, Datsun, Peugeot na Land Rover. Zimebeba mahindi, viazi na vitunguu saumu. Zimebeba wagonjwa usiku. Nyingine zina umri mkubwa kuliko dereva.

Kijana akinunua gari kama hilo, hupenda kulipamba. Ameona picha za pikapu zilizoshushwa chini, zenye rimu pana zinazong'aa na matairi mapana. Huko Marekani mchezo huo ni wa miaka mingi. Afrika Kusini nako wanaupenda. Kule pikapu ndogo ya Nissan 1400 iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2008, na vijana wengi wameishusha na kuivalisha rimu pana. Gari la namna hiyo linapendeza. Hatusemi kwamba halipendezi! Lakini pikapu ya kijijini hufanya kazi. Kwa hiyo uliza kwanza: nikifunga matairi hayo, gari langu litabeba nini, na litapita wapi?

SOMA TAIRI LA ZAMANI

Twende kwenye pikapu. Tuchukue Hilux ya zamani kuwa mfano. Tairi ambalo limefungwa kwenye pikapu nyingi za namna hiyo limeandikwa 185R14C. Maana yake ni hii.

Namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani ya tairi. Namba 14 ni kipimo cha rimu kwa inchi, toka ukingo hadi ukingo. Herufi C inakuambia kwamba tairi hili ni la gari la mizigo. Usiidharau herufi hiyo. Ni ndogo, lakini ina kazi kubwa.

Mbele kidogo utaona 102/100. Hiyo ni namba ya uzito. Sio kilo mia moja na mbili. Ni namba ya siri ya viwanda, nayo ina jedwali lake. Namba 102 maana yake kilo 850 kwa tairi moja. Namba 100, yaani kilo 800, ni kwa matairi yanayofungwa mawili mawili upande mmoja, kama ya lori. Pikapu yetu ina tairi moja kila upande, kwa hiyo tunasoma 102.

Sasa piga hesabu. Matairi mawili ya nyuma yanaweza kubeba kilo 850 mara mbili. Ni kilo 1,700. Uzito huo ni pamoja na uzito wa gari lenyewe kwa nyuma.

SASA SOMA TAIRI PANA

Tuseme umepata tairi pana, limeandikwa 235/60R14, na namba ya uzito ni 96. Halina herufi C. Ni tairi la gari dogo la abiria.

Upana ni milimita 235. Namba 60 inasema kwamba kimo cha ubavu ni 60 kwa mia ya upana huo. Zidisha: utapata milimita 141. Tairi la zamani halikuwa na namba hiyo ya pili. Kwa matairi ya namna ile, ubavu ni kama 80 kwa mia ya upana, yaani kama milimita 148. Kwa hiyo kwa urefu matairi haya mawili hayapishani sana. Tairi pana ni fupi kidogo tu.

Lakini tazama uzito. Namba 96 maana yake kilo 710. Matairi mawili ya nyuma yatabeba kilo 1,420. Zamani yalibeba 1,700. Toa. Umepoteza kilo 280!

Gunia la mahindi ni kilo 100. Umepoteza karibu magunia matatu kila safari. Tairi ni pana zaidi, linaonekana lina nguvu zaidi, lakini linabeba kidogo zaidi. Jicho limekudanganya. Namba haikudanganyi.

Wapo wanaosema, "Tutajaza upepo mwingi, litabeba." Hapana. Tairi la mizigo la namna ya 185R14C hustahimili upepo wa hadi pauni 65. Tairi la gari dogo halistahimili upepo huo. Kiasi cha mwisho kimeandikwa ubavuni mwake. Usikizidishe. Tena kiasi hicho ni cha mwisho, si cha kila siku. Kiasi cha kila siku utakikuta kwenye kibati cha gari, mara nyingi karibu na mlango wa dereva. Kibati hicho ni cha matairi yale yale ya kiwandani.

Jambo jingine la kusoma ni umri. Tafuta neno DOT. Baada yake pana herufi na namba, na mwisho pana namba nne peke yake. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Hili ni jambo kubwa kwa anayenunua matairi ya mtumba. Tairi linaweza kuwa na meno marefu, jeusi, limepakwa dawa ya kung'arisha, kumbe ni zee. Mpira huzeeka hata kama haukutembea. Tazama ubavuni na katikati ya meno. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama ardhi ya kiangazi, liache. Linafaa makatambuga.

JE, LITAINGIA?

Rimu pana nayo ina mambo yake. Kwanza hesabu matundu ya nati. Kisha pima umbali wa matundu hayo. Rimu ambayo matundu yake yanakaribia kufanana na ya habu yako, lakini hayafanani kabisa, ni hatari kuliko ile isiyoingia kabisa. Utailazimisha, nati zitakaa upande, nazo zitafunguka njiani.

Pili, tazama tairi litakaa wapi. Tairi letu limeongezeka milimita 50. Kama katikati ya rimu mpya ni pale pale kama ya zamani, milimita 25 zitaingia ndani na 25 zitatoka nje. Ndani kuna springi, bomba la breki, na kwa mbele kuna vyuma vya usukani. Nje kuna madigadi.

Pima kabla ya kununua. Vua gurudumu. Lilaze chini, uso wake wa nje uelekee ardhini. Weka fimbo iliyonyooka juu ya ukingo wa rimu. Sasa pima toka kwenye fimbo kushuka hadi pale rimu inapogusa habu. Andika namba hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa rimu mpya. Tofauti ya namba hizo mbili itakuambia ukingo wa ndani umesogea kiasi gani. Hapa daftari lako la kisomo linafanya kazi ya fundi. Baada ya hapo liongezee tairi lenyewe, maana hutokeza nje ya rimu.

Kati ya tairi na springi ibaki nafasi ya kupita kidole gumba. Mbele, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Kisha waombe watu wanne wapande nyuma, uzungushe tena. Tairi lisiguse kitu. Likigusa bomba la breki, litalisugua kidogo kidogo. Siku moja utakanyaga breki, mguu utazama mpaka chini.

Wengine huweka spesa ili gurudumu litoke nje. Mzigo wa beringi unaongezeka, usukani unakuwa mzito, na matope yanarushwa ubavuni mwa gari na juu ya watu wanaopita. Mimi sizipendi.

KUSHUSHA GARI

Hapa pana njia nyingi. Wapo wanaokata springi za mbele. Wapo wanaoweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi za nyuma, bodi ikashuka.

Ukiweka kipande hicho, difu haishuki. Difu hukaa kwenye ekseli, na ekseli hushikiliwa na matairi. Kinachoshuka ni bodi, chesisi na ekzosi. Lakini nafasi ya ekseli kupanda imepungua. Pakia magunia, kisha pita kwenye korongo. Ekseli itapiga chesisi: pu! Siku hiyo pu, kesho pu, na mwisho chesisi inapasuka.

Tena pikapu nyingine za Toyota zina kifaa cha breki nyuma, kimeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka, kifaa hufikiri gari limebeba mzigo, nacho hupeleka nguvu nyingi ya breki nyuma. Gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hukamata ghafla, nalo huteleza. Fikiri jambo hilo wakati wa mvua, ukitelemka Mlima Magara kuelekea barabara ya Babati.

Kwa maoni yangu, kushusha pikapu ya kazi katika milima yetu ni kujitafutia matengenezo. Anayeishi mjini kwenye lami na haendi na magunia, huyo ni shauri yake na fundi wake.

MATOPE

Mtu atauliza: tairi pana si litasaidia kwenye matope? Inategemea. Kwenye mchanga mkavu tairi pana husaidia, kwa sababu halizami. Lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa ni jambo lingine. Mara nyingi chini ya tope la juu pana ardhi ngumu. Tairi jembamba hukata tope likafika pale pagumu, likashika. Tairi pana huelea juu ya tope, meno yake yakajaa udongo, likawa kama pipa linalozunguka. Kwenye lami iliyojaa maji pia, tairi pana lililokwisha meno huelea upesi. Katika nchi nyingi meno yakibaki milimita 1.6 tairi limekwisha. Kwenye tope utaona limekwisha kabla ya hapo.

KAMA UMEAMUA

Basi kama bado unayapenda, fanya hivi. Usiuze rimu zako za zamani. Ziache na matairi yake ya mizigo. Fungia hizo wakati wa masika na wakati wa mavuno. Zile pana fungia kiangazi, siku ya harusi, siku ya sikukuu. Ukipata tairi pana kidogo lenye herufi C na namba ya uzito isiyopungua ya zamani, hilo ni bora zaidi, nawe hutahitaji seti mbili.

Kila ukibadili, tazama nati. Rimu za kung'aa za aluminiamu mara nyingi hutaka nati zake, si zile za rimu za chuma. Anza kwa mkono. Kaza kwa kuvuka, moja huku na nyingine upande wa pili, wala usizunguke moja baada ya nyingine. Shusha jeki, kisha maliza kukaza. Ukitembea kilometa 50 hadi 100, simama ukaze tena. Toka Endagikot ukafika Karatu, hapo ni pa kutoa spana.