Kichwa Kikigongwa, Tumbo Nalo Huumia

Nyarutarama, katika Wilaya ya Gasabo mjini Kigali, ni mtaa wa majumba makubwa, uwanja wa gofu na barabara za lami zipandazo na kushuka vilima. Askari wa usalama barabarani hahitaji kuelezwa pikipiki ya abiria, ambayo wenyeji huiita moto, hufanya nini iteleezapo mteremkoni siku ya mvua. Kofia ngumu huvaliwa kwa amri ya sheria, na kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanzishwa na Polisi ya Rwanda mwaka 2019, imewakumbusha wengi wajibu wao barabarani. Lakini kofia hupunguza kishindo, haikiondoi. Majeruhi akifikishwa Hospitali ya King Faisal, ambayo haiko mbali, macho yote huelekea kichwani, na ndivyo ipasavyo. Sisi leo twataka kushuka hadi tumboni.

Madaktari wa vita walilijua jambo hili zamani. Harvey Cushing, Mmarekani aliyepasua vichwa vya askari majeruhi huko Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, aliandika mwaka 1932 juu ya wagonjwa waliopasuliwa ubongo, kisha wakapatwa na vidonda vya tumbo. Vidonda hivyo vyaitwa kwa jina lake hata leo. Kilichoongezeka siku hizi ni elimu ya bakteria.

Matumboni mwetu wamo bakteria kwa matrilioni, na wengi wao ni wapangaji wema. Humeng'enya nyuzinyuzi za maharage na mboga tusizoziweza wenyewe, na mazao ya kazi hiyo huulisha ukuta wa utumbo. Ubongo nao huwasiliana na utumbo kwa njia ya neva na damu. Upatapo dhoruba, amri zake huvurugika: chakula hukawia njiani, damu iendayo utumboni hupungua, ukuta hulegea, na sumu za bakteria hupenya mwilini. Hizo huchochea uvimbe, nao uvimbe huurudia ubongo uliokwisha jeruhiwa. Adui aliyefukuzwa mlango wa mbele hurejea kwa uani.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza kuwa panya waliogongwa vichwa walibadilika bakteria wa tumboni ndani ya saa 24. Miongoni mwa waliopungua walikuwamo wa jamii ya wale wachachushao maziwa. Mwaka 2021 wengine walionyesha kuwa panya walioangamiziwa bakteria hao kwa viuavijasumu walipoteza seli nyingi zaidi za ubongo. Panya si askari, na hakuna daktari makini atakayekuahidi kwamba kikombe cha kivuguto kitaponya ubongo.

Hata hivyo, liko linalotuhusu kambini. Askari aliyegongwa kichwa, akasimama na kucheka na wenzake, aghalabu humeza vidonge vya duka la jirani: aspirini ya kichwa, na viuavijasumu "vya kujikinga". Aspirini huzidisha utokaji wa damu, kichwani na tumboni pia. Viuavijasumu ni vya kuamriwa na daktari baada ya kuliona jeraha. Na majeruhi akitapika tena na tena, akisinzia kupita kiasi, au akipata choo cheusi kama lami, gari la wagonjwa nchini Rwanda huitwa kwa namba 912, na daktari aelezwe habari za tumbo pamoja na za kichwa.