Mfunze mbwa wako utulivu kabla hajakuvunjia ujirani

Ndugu msomaji, hebu tuanzie njiani. Ni asubuhi ya Jumapili mjini Katesh, mlima Hanang umejifunika wingu kama ilivyo desturi yake, nawe umetoka na mbwa wako kunyoosha miguu. Amekwenda vizuri mpaka kwenye kona. Hapo kundi la mbuzi linavuka barabara kuelekea malishoni, na nyuma yake yuko mtoto mwenye fimbo. Ghafula mbwa anasimama. Masikio yamechongoka, macho hayapepesi. Unamwita kwa jina lake, hasikii. Kufumba na kufumbua, kamba imekuchomoka mkononi. Jioni mwenye mbuzi anabisha hodi mlangoni kwako, wala hakuja kukujulia hali.

Wilaya za Hanang na Mbulu ni nchi ya mifugo. Wairaqw hulima na kufuga, Wabarabaig huandamana na ng'ombe wao, na katika bonde la Yaeda wamo Wahadzabe ambao uwindaji ni sehemu ya maisha yao. Watu na wanyama hutumia njia moja. Katika nchi ya namna hiyo mbwa asiyeweza kujizuia ni hatari, kwani mbuzi mmoja aliyejeruhiwa huenda ndiye aliyetarajiwa kuwa sare na madaftari ya mtoto wa shule. Mbwa mwenyewe naye, akizoea kosa hilo, aghalabu humalizwa kwa rungu au kwa sumu. Nawe msomaji wa Arusha au Dar es Salaam usidhani kuwa haya hayakuhusu: badala ya mbuzi wewe una kuku wa jirani, paka wa ukutani na pikipiki zipitazo.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba mbwa huyo si mwovu. Kuwinda ni silika aliyozaliwa nayo. Silika hiyo huja kwa hatua: hunusa, hukodoa macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, na mwisho huua. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Basi mbwa aliyetokana na mbwa wa kuwindia sungura na digidigi atakuwa na hamu hiyo kuliko wengine. Jambo la kushika ni hili: kukimbiza kwenyewe ndiko utamu wake. Hata asipokamata kitu, kila anapokimbiza amejilipa, na kesho atataka tena.

Wengi wetu hukimbilia kiboko. Lakini mbwa aliyepigwa mbuzi wakiwa mbele yake huweza kuamini kwamba ni hao mbuzi waliomletea maumivu, akawachukia zaidi. Tena, akipigwa baada ya kurudi, hujifunza kwamba kurudi kwa bwana wake ni balaa. Siku nyingine hatarudi.

Njia iliyo bora ni ya subira. Anza nyumbani, uani, pasipo kitu cha kumvuta. Chagua neno moja, kama vile "Tazama", na watu wote wa nyumba walitumie hilo hilo. Litamke mara moja. Atakapokugeuzia macho, mpe hapo hapo kipande kidogo cha nyama au cha pafu lililochemshwa. Fanya hivyo kwa dakika tano au kumi, asubuhi na jioni. Atakapokuwa anageuka pasipo kusita, hamia mlangoni, kisha barabarani penye utulivu.

Hatua ya pili ni kuchunga umbali. Kila mbwa ana umbali wake ambao akiwaona mbuzi bado anaweza kukusikia. Kwa mmoja ni hatua thelathini, kwa mwingine ni mia moja. Simama nje ya mpaka huo. Awaangalie, mwite, akigeuka, mtuze na uondoke naye kwa furaha. Siku nyingine sogea hatua chache tu. Akikakamaa, akikataa chakula na kukodoa macho, ujue umekaribia mno. Usimgombeze, rudi nyuma. Tatizo ni kipimo chako. Yeye hana kosa.

Tatu, usimwachie huru kabla ya wakati. Mvalishe mkanda wa kifuani, kwani kamba ya shingoni humkaba anaporuka, na umfunge kamba ndefu ya mita nane hadi kumi mahali pa wazi, kama vile mashamba ya ngano ya Basotu baada ya mavuno, ikiwa mwenye shamba ameridhia. Usiizungushe kamba hiyo kwenye vidole au mkononi, na usimpe mtoto mdogo aishike: mbwa akichomoka huweza kumwangusha na kumwumiza. Zaidi ya hayo mpe kazi ya kutosheleza silika yake kwa halali. Mfichie chakula majanini akitafute kwa pua, au mtupie kitambaa kilichofungwa fundo akikimbilie na kukuletea.

Zoezi hili huchukua miezi, wala haliifuti silika. Huipatia lijamu tu. Hata mbwa aliyefuzu, akipita karibu na kundi la mbuzi, afungwe kamba.

Ikiwa bado hujafuga, au una kilebu, yaani mtoto wa mbwa, una bahati. Mtazame mbwa wa mchungaji akitembea katikati ya kondoo pasipo kuwagusa. Huyo aliwazoea tangu utotoni. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne ya maisha yake, mbwa hupokea kwa urahisi kila akionacho kuwa ni cha nyumbani. Basi muda huo aone mbuzi, kuku, paka, watoto na baiskeli, kwa utulivu na chini ya uangalizi wako. Samaki mkunje angali mbichi.

Tusisahau afya na sheria. Mbwa mwenye kuwinda hukutana na wanyama wengi, na kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaonekana. Achanjwe anapofikia miezi mitatu na arudiwe kama atakavyoelekeza daktari wa mifugo. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali pasipo kuchelewa. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo usimzoeze mbwa wako kuingia katika msitu wa Nou akifuata windo. Ikumbukwe pia kuwa mwaka 1994 kiasi cha theluthi ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani.

Mwisho, ndugu msomaji, mbwa ni wako, lakini njia ni ya wote. Yuko jirani amwogopaye mbwa, na yuko ambaye dini yake humtaka asiguswe naye. Wote wana haki ya kupita kwa amani. Ukikutana na mtoto na mbuzi wake asubuhi, jitenge kando ya njia, sema "Tazama", na mpe mbwa wako haki yake ya nyama. Mtoto atapita, mbuzi watapita, na jioni atakayebisha hodi atakuwa mgeni wa heri.