Mini yenye buti: usiingizwe mjini ukinunua Riley Elf au Wolseley Hornet

Haya wadau, kuna mwenzetu yuko Uingereza kaniandikia. Anabeba boksi, kajinyima mpaka kapata akiba, na sasa kaona tangazo la Wolseley Hornet ya mwaka 1967. Rangi inang'aa, nikeli zote zipo, kwenye picha hakuna hata mkwaruzo. Anauliza maswali mawili: ninunue? Na nikishanunua niifunge injini kubwa?

La kwanza jibu lake ni fupi. Usitume hela kwa kuangalia picha, hata kama muuzaji ni mpole namna gani. La pili ni refu, ndo maana nimeliandikia makala nzima, maana najua wako wengi wenye ugonjwa huu wa magari ya zamani.

Kwanza tuelewane hili ni gari gani, kuna wadogo zetu hapa hawajawahi hata kuliona. Mwaka 1959 kampuni ya British Motor Corporation ilitoa Mini, kazi ya injinia Alec Issigonis. Injini kailaza kwa upana, giaboksi kaiweka chini ya injini, nguvu inavuta matairi ya mbele, na matairi yenyewe ni ya inchi 10, kama ya toroli. Ikauzika sana. Sasa kuna Waingereza walioipenda lakini wakaona kaibu kidogo kupanda kigari kisicho na hadhi. Mwaka 1961 kampuni ikawatengenezea mbili za kiungwana: Riley Elf na Wolseley Hornet. Ni Mini ile ile, ila nyuma imeongezwa buti linalojitokeza, mbele ina grili ndefu iliyosimama, na ndani kuna mbao kwenye dashibodi. Hornet nembo yake ya mbele inawaka taa usiku. Yaani ni saluni kamili (siyo ile ya kunyolea), ila ndogo kama kiberiti.

Zilianza na injini ya cc 848. Toleo la pili likaja na cc 998, yenye nguvu farasi 38. La tatu lilitoka mwaka 1966, na hilo lina vioo vya milangoni vya kuzungusha badala ya vile vya kusukuma. Mwaka 1969 zikaachwa. Zote mbili kwa pamoja hazikufika 60,000, wakati Mini za aina zote zilipita milioni 5. Kwa hiyo ya mwenzetu, ya 1967, ni toleo la tatu, ndiyo bora kwa matumizi.

Sasa hapo kwenye uchache ndo penye mtego, sikilizeni vizuri. Ukiwa na Mini ya kawaida, spea zipo tele mpaka leo. Injini, giaboksi, breki, klachi, vyote hivyo vya Mini vinaingia kwenye Hornet bila ugomvi. Lakini mgongo wa gari, kuanzia kioo cha nyuma kwenda buti, siyo wa Mini. Mfuniko wa buti, mabawa ya nyuma, taa za nyuma, grili, hivyo havitoki kwenye Mini yoyote. Injini iliyokufa ni tatizo la wiki mbili. Buti lililooza ni tatizo la miaka miwili, ukitafuta kipande kimoja kimoja.

Kwa hiyo ukienda kuliangalia, usianze kufungua boneti kama wanavyofanya wengi. Anzia nyuma. Fungua buti, toa zulia, angalia sakafu na pale betri inapokaa, maana betri ya gari hili iko kwenye buti na asidi yake inakula bati. Halafu lala chini. Hii gari haina chesisi, bodi ndo inabeba kila kitu, na matairi ya nyuma yamefungwa kwenye fremu ndogo iliyoshikiliwa kwa bolti. Hiyo fremu ya nyuma inasifika kwa kuoza! Ikioza yenyewe inabadilishwa. Ila ikiwa pale kwenye bodi inapofungwa ndo pameoza, hesabu yako inakuwa nyingine kabisa.

Pita kwenye vizingiti chini ya milango, kwenye kile kipande kati ya bawa la mbele na mlango, na sakafu chini ya miguu ya dereva. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa usikwaruze rangi ya mwenyewe, uipitishe taratibu. Isiponata ujue chini siyo bati, ni puti. Rangi mpya inayong'aa juu ya puti ndo biashara ya watu wanaonunua mkweche, wanaupaka poda na kuuza bei ya bibi harusi.

Simama nyuma ya gari, uangalie limesimama sawa? Kuanzia mwaka 1964 magari haya hayana springi wala mipira ya kawaida, yanabebwa na maji yenye presha, na bomba linaunganisha tairi la mbele na la nyuma kila upande. Upande mmoja ukiwa umeinama, presha imetoka. Inajazwa kwa pampu maalumu ambayo siyo kila gereji inayo. Muulize muuzaji lini imejazwa mara ya mwisho, na umwangalie usoni.

Injini sitaongea sana. Iwashe ikiwa ya baridi, ukiikuta imeshapashwa moto kabla hujafika jiulize kwa nini. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Gia ya pili ikikwaruza ukiingiza, giaboksi imechoka. Na kumbuka injini na giaboksi vinatumia oili moja, kwa hiyo aliyekuwa mvivu wa kumwaga oili kaua vyote viwili. Ukilinunua mwaga kila kilomita 5,000.

Haya, kuongeza nguvu. Najua wengi ndo mlipokuwa mnasubiri. Injini ya cc 1275 inaingia, maana ni ukoo ule ule, na zimetengenezwa kwenye Mini mpaka mwaka 2000. Ila mimi nasema breki kwanza. Hornet ina breki za ngoma mbele na nyuma, na mabomba yake ni njia moja tu. Likipasuka bomba moja, umekosa breki zote nne. Ukiongeza nguvu juu ya hizo breki unatafuta jeneza. Weka masta silinda ya njia mbili, weka diski mbele. Zile za inchi 7.5 zinaingia ndani ya rimu za inchi 10. Za inchi 8.4 ni rahisi kupata, ila zinataka rimu za inchi 12 na gari linabadilika sura. Mikanda kama haina, weka.

Baada ya hapo umeme. Toa dainamo, weka alteneta. Lakini angalia: magari mengi ya wakati ule positivi ndo imefungwa kwenye bodi, siyo negativi. Lazima uigeuze kwanza, la sivyo unaunguza alteneta siku ile ile. Halafu silinda hedi. Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku Uingereza tangu mwaka 2000, na vikalio vya valvu vya zamani vinaliwa na petroli ya sasa, kwa hiyo fundi aweke vikalio vigumu. Kuanzia Septemba 2021 petroli ya kawaida ya kule ina etanoli asilimia 10, inakula mipira ya mafuta. Badilisha mipira, na ujaze ile ya E5.

Injini yenyewe ya 998 ikiwa nzima mimi ningeiacha. Kabureta kubwa kidogo na ekzosi nzuri vinatosha mjini. Ukifunga 1275, waarifu DVLA ukubwa mpya uandikwe kwenye kadi ya gari. Gari likipita miaka 40 halilipiwi ushuru wa barabara wala halilazimiki kupimwa kila mwaka, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa, na kubadili cc za injini ya ukoo ule ule hakuhesabiwi kuwa mabadiliko makubwa. Lakini kutolazimika kupimwa siyo kuwa zima. Mwambie muuzaji alipeleke likapimwe kabla hujatoa hata senti, gharama ulipe wewe. Akikataa, rudi na treni.

Na kama unawaza kulileta nyumbani, piga simu kwanza. Kenya gari la kawaida lililozidi miaka 8 haliingii, na Tanzania linaingia kwa kodi ya nyongeza ya uchakavu. Uliza mamlaka husika wanaliweka kundi gani kabla halijapakiwa kwenye kontena.